Sanamu Niliyoifunga kwa Uzi wa Nyavu

Nilitengeneza sanamu yangu Jumanne mchana, baada ya ugali, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Likizo ya Agosti ilikuwa imefika pale katikati ambapo hata wakora wanaanza kutamani shule. Mpira wetu wa makaratasi ulikuwa umetumbukia kwenye choo cha jirani na hakuna aliyejitolea kuufuata. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilisukumwa na nguvu za giza. Nilisukumwa na uvivu.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Sasa niko cha tatu, na ninaandika nyuma ya daftari la jiografia, kwa hivyo mwalimu wa jiografia akiyaona haya, naomba anisamehe. Naishi mtaa wa Manyatta na Dani. Dani ndivyo tunavyomwita nyanya sisi watu wa huku ziwani. Wazazi wangu wako kwenye mashamba ya miwa, wanakuja mwisho wa mwezi wakinuka moshi na sukari, na mimi niliachwa mjini ili nisome na ili Dani asikae peke yake. Yeye ana shughuli mbili tu duniani. Siku za wiki anauza omena sokoni Kondele, wale dagaa wadogo wa ziwani, akiwapima kwa mkebe na kuongeza kiganja kimoja juu kwa kila mteja. Na Jumamosi anafua kitambaa cha madhabahu cha kanisa letu.

Hicho kitambaa lazima nikieleze. Ni cheupe, kirefu kuliko kitanda, na pembeni kumefumwa msalaba na zabibu kwa uzi ambao zamani ulikuwa wa dhahabu na sasa umekuwa rangi ya haradali. Alikifua kwenye karai ambalo samaki hawakuruhusiwa hata kulisogelea. Alikisuuza kwa bluu ya kufulia kidogo sana, tone tu, akakianika ndani ya nyumba ili kuku wasikipitie chini, halafu akakipiga pasi ya makaa. Kazi yangu ilikuwa kupuliza makaa. Yeye hakuongea wakati wa kupiga pasi. Mimi niliongea. Nilimwiga kasisi anavyokohoa kabla ya kutangaza sadaka, nilimwiga mwenyekiti wa akina mama anavyotembea, na mabega ya Dani yalitikisika kwa kicheko lakini pasi haikuyumba.

Hiyo ndiyo karama yangu, kuiga watu. Nikiingia darasani vichwa vinageuka kabla sijafungua mdomo, na wakati ule nilikuwa nimefika mahali ambapo kile kitendo cha vichwa kugeuka nilikihitaji kama chai ya asubuhi. Siku ambayo hakikutokea nilirudi nyumbani mgonjwa.

Sasa, wiki hiyo kulikuwa na krusedi kwenye uwanja ulio njiani kuelekea Kondele. Mhubiri alitoka Nairobi, mrefu, suti ya kijivu, Kiswahili kama cha mtu anayesoma habari redioni. Mkalimani wake, wa kugeuza Kiswahili kuwa Kijaluo, alikuwa mwalimu wetu wa dini. Huyu mwalimu hakutafsiri maneno peke yake. Mhubiri akiruka, aliruka. Mhubiri akitoa leso na kupangusa jasho, naye alitoa leso na kupangusa, hata kama hakuwa na jasho. Nilishamwiga mara nyingi sana nyuma ya darasa.

Jumatatu mhubiri alitangaza, "Jumatano leteni sanamu zenu zote! Leteni hirizi! Leteni kila kitu mnachokitegemea badala ya Mungu, tukichome hapa mbele!"

Basi Jumanne hiyo nikatengeneza yangu. Nilichukua kibuyu kidogo cha Dani cha kuchotea uji, kile chenye ufa. Nikanyofoa nywele za mbuzi kwenye ngozi iliyokuwa imetandazwa nje ya bucha, nikazibandika kwa uji wa muhogo. Nikatia mifupa ya samaki shingoni. Macho yalinipa taabu, mpaka nilipokumbuka shati langu la shule, nikakata vifungo viwili vya chini. Mwisho nikaifunga yote kwa uzi niliokata kwenye wavu wa marehemu babu, ambao ulikuwa umening'inia nyuma ya mlango tangu alipokufa na hauvui tena kitu isipokuwa vumbi.

Rafiki yangu wa mlango wa pili aliishika kwa vidole viwili.

"Omera, ndugu yangu, hii kitu inaniangalia."

"Hiyo ni shati yangu inakuangalia."

"Utaenda nayo kweli?"

"Naitupa kwa moto, natoka. Shule ikifunguliwa nawaambia mwalimu wa dini alikemea vifungo vya shati yangu kwa lugha mbili."

Huo ndio uliokuwa mpango wote. Kutupa na kutoka.

Jumatano jioni, jua bado liko juu, watu walipanga mstari. Mmoja alileta hirizi ya kamba nyeusi, mwingine karata, mwingine chupa ya kitu cha kijani. Mama mmoja alileta picha ya mume wa mtu. Mimi nilikuwa nimeivika sanamu yangu gazeti, nikaifunua pale tu nilipofika kwenye moto. Lile la kuifunua ndilo lililoniponza. Watu walionitangulia waliruka kando, na mhubiri, aliyekuwa jukwaani, akaona watu wanaruka.

"Wewe kijana! Usitupe! Panda hapa nayo!"

Nikapanda. Akaichukua, akaiinua juu, uwanja mzima ukanyamaza. Kisha akaniwekea maikrofoni mdomoni, na nikasikia pumzi yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika, ikaenda mpaka ukuta wa godauni ng'ambo, ikarudi. Mtu hawezi kuelezwa jambo hilo. Vichwa vyote vya Kondele na Manyatta vilikuwa vimegeuka kwa pamoja.

"Kitu hiki kinafanya kazi gani?" mhubiri akauliza.

Nikatafuta la kuchekesha. "Kinavuta wateja."

"Wateja wa nini?"

"Wa omena."

Nilingoja kicheko. Hakikuja. Mwalimu aligeuza kwa Kijaluo, na badala ya kicheko ikaja sauti kama ya watu wengi wanaovuta hewa kwa pamoja. Ilikuwa nzuri kuliko kicheko. Ilinishuka mpaka magotini.

"Ni cha nani?"

Hapa ndipo ningesema nilikiokota jaani. Hata sasa huwa naisema hiyo sentensi nikiwa peke yangu, kuona ingesikika vipi. Lakini niliyoyasema ni haya: "Cha nyanya yangu."

Kiswahili kwetu ni lugha ya shule na ya kuchezea. Ukisema uongo kwa Kiswahili ni kama umeuandika kwa chaki. Mwalimu alipoyarudia kwa Kijaluo, lugha ambayo Dani anasalia, ndipo niliposikia nimesema nini. Kwenye safu ya tatu walikuwa wamekaa wanawake wawili wanaouza omena meza moja na Dani. Mmoja alimgusa mwenzake kwenye paja na kutikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetatua hesabu iliyomsumbua miaka mingi.

Sanamu ikaingia motoni. Vifungo vilinuka vibaya.

Nilipofika nyumbani Dani alikuwa ameshafika, na habari zilikuwa zimefika kabla yake. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Aliushika wavu wa babu pale palipokatwa, akalaza kidole chake juu ya ule mkato, uliokuwa bado mweupe.

"Kibuyu changu cha uji kiko wapi?"

"Sijui, Dani."

"Mm," akasema. Akaenda kupika.

Heri angenipiga. Dani ana mkono mzuri, mwepesi, unapigwa halafu mambo yanaisha. Lakini ile "mm" iliingia ndani ya nyumba ikakaa nasi mezani, na haikutoka.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nikipiga mswaki nje niliposikia sauti ya mtoto mjinga ikitoka barabarani, kubwa kuliko jogoo wote wa Manyatta. "Kinavuta wateja." Kimya kidogo. "Wa omena." Kumbe mwalimu wa dini alikuwa amerekodi kila kitu kwenye kaseti, na sasa pikapu yenye spika mbili ilikuwa inazunguka mtaa ikinitangaza. "Cha nyanya yangu," nilisema kutoka kwenye ile pikapu, halafu mwalimu akarudia kwa Kijaluo, halafu tangazo la kuwaalika watu, halafu mimi tena kutoka mwanzo. Ilipita mbele ya mlango wetu polepole kwa sababu ya mashimo. Dani alikuwa anapakia omena kwenye beseni. Hakuinua kichwa. Alisubiri pikapu ipite ndipo ajitwike, kwa sababu njia ni nyembamba.

Jioni pikapu yenyewe ilikuja kunichukua. Nilidhani nitasema siwezi, lakini wamama wawili walishuka wakanikumbatia, wakaniita mtumishi, na kabla sijapata uongo wa kutosha nilikuwa nimeketi nyuma kati ya spika. Mhubiri alinipa maikrofoni nieleze zaidi. Zaidi! Sikuwa na zaidi. Ikabidi nipike. Nikasema kile kibuyu kilikuwa kinanyweshwa maziwa kila Ijumaa. Uwanja ukavuta hewa. Siku iliyofuata maziwa hayakutosha, niliona nyuso zimepoa, nikaongeza yai. Jumamosi nikasema kilitaka kuku mweusi, na kwamba kilikuwa na sauti ya chura. Nilikuwa nikiongea juu ya kitu ambacho kila siku kinataka kulishwa zaidi ya jana, na katika maneno yote niliyosema jukwaani hilo peke yake lilikuwa kweli.

Huku Kondele, Dani alirudi Alhamisi na nusu ya beseni. Ijumaa alirudi nalo lote. Alizitandaza tena omena zile zile juani, juu ya wavu mwingine mzee aliouweka nyuma ya nyumba, na ndege wakaja kumsaidia kuzimaliza. Nilimuuliza kijinga, "Hawakununua?"

"Walisema macho yao yanauma wakiziangalia."

"Nani alisema?"

"Watu, nyakwara." Nyakwara maana yake mjukuu wangu. Aliendelea kuniita hivyo wiki nzima, na kila mara nilisikia kama mtu ameniita jina la mtu mwingine aliye mwema.

Hata huko Bondo, alikozaliwa, ndugu yake alituma salamu kwa mtu wa basi: je, ni kweli? Kaseti ilikuwa imenakiliwa na kusafirishwa. Nilikuwa mahali pengi kwa wakati mmoja, na hakuna hata mahali pamoja ambapo ningeweza kujinyamazisha.

Jumamosi walikuja akina mama wa kanisa. Watatu, vitambaa vyeupe kichwani, mwenyekiti mbele kwa ule mwendo wake wa kama anakanyaga mayai. Dani alikuwa katikati ya pasi. Nilikuwa nimechuchumaa nikipuliza makaa, na nikaendelea kupuliza, kwa sababu ukiwa unapuliza huna haja ya kuangalia mtu.

"Mama," mwenyekiti akasema, "tumeonelea upumzike kidogo na hii kazi."

"Kwani nimesema nimechoka?"

"Hapana, Mama. Si kuchoka. Ni watu tu wanaongea."

"Wewe unasema nini?"

Mwenyekiti aliangalia ukutani, kwenye pambo la kitambaa la Dani mwenyewe, lile alilofuma maneno ya kumshukuru Bwana. "Mimi sisemi kitu, Mama. Ni kamati."

"Sawa. Ngojeni nimalize, msibebe kitu kina makunyanzi."

Wakangoja wamesimama. Dani alipiga pasi ile pembe ya zabibu mara tatu, zaidi ya kawaida. Akakunja mara mbili, akakunja tena, akampa mwenyekiti kwa mikono yote miwili na kuinama kidogo. Walipotoka aliangalia makaa. "Yamwage," akaniambia. "Yanaungua bure."

Nilikimbia mpaka uwanjani kabla ya mkutano kuanza. Mwalimu wa dini alikuwa akifunga nyaya za spika. Nikamwambia yote, haraka, pamoja na vifungo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniangalia usoni kwa huruma kubwa, na hiyo huruma ikanitisha kuliko kiboko chake.

"Hii nilitarajia," akasema. "Adui anapigana nawe. Anataka ukane ushuhuda wako."

"Mwalimu, si adui. Ni mimi. Angalia shati."

"Unajua ni watu wangapi wameacha uchawi wakisikia kaseti yako? Jana mzee mzima amelia hapa. Nikamwambie nini? Kwamba alililia shati?"

"Lakini Dani..."

"Nyanya yako ataombewa. Nyamaza sasa. Kaa pale mbele."

Nikakaa pale mbele. Hiyo ndiyo siku ya kuku mweusi na chura. Msiniulize ni kwa nini. Maikrofoni ilikuja, vichwa vikageuka, mdomo ukafunguka wenyewe. Nilikuwa ndani yangu nikijitazama kama mtu aliyefungiwa chooni na anaona wenzake kupitia tundu la mlango.

Jumapili asubuhi kengele ya kanisa ililia na Dani hakuenda. Tangu nizaliwe sijaona hivyo. Nilikuwa nimelala mkekani, macho nimefumba, nikisikia kiti chake kikisogea. Akaanza kuomba kwa sauti kama anavyofanya kila siku, na Dani haombi kwa maneno makubwa. Anapita mtu baada ya mtu kama anayegawa chakula. Alimtaja babu. Aliwataja wazazi wangu na panga zao za miwa. Aliwaombea wale wawili wa meza yake Kondele, mmoja mguu wake, mwingine binti yake. Nikangoja awasemee mabaya, hakuwasemea. Nikangoja aombe Mungu asafishe jina lake. Hakuligusa.

"Na huyu mtoto, Baba," akasema, "amechoka. Amebeba kitu kizito na hajui kukitua. Mpumzishe."

Basi. Amina. Akasimama kwenda kuwasha moto.

Machozi yaliniingia sikioni, jambo la kuudhi sana kama unajifanya umelala. Ningeweza kuamka na kumwambia. Lakini kumwambia Dani kulikuwa rahisi mno, yeye alijua tangu ule wavu. Uongo wangu haukuwa tena ndani ya nyumba. Ulikuwa nje, una spika mbili, unapita kwenye mashimo.

Jioni ya Jumapili ndiyo ilikuwa ya kufunga krusedi. Nilivaa shati la shule. Wiki nzima nilikuwa nimelifunga kwa pini pale chini, nikaitoa pini, nikaitupa. Uwanja ulijaa mpaka barabarani. Mhubiri akaniita, "Kijana wetu!" na vichwa vikageuka, na safari hii niliangalia viatu vyangu.

Nikasema kwa Kiswahili, "Ile sanamu haikuwa ya nyanya yangu. Niliitengeneza mimi Jumanne. Nilisema uongo."

Mhubiri alisimama kama aliyekanyagiwa suti. Nami nikamgeukia mwalimu atafsiri. Mwalimu alikohoa. Aliangalia watu, aliangalia kaseti inayozunguka kwenye redio chini ya miguu yake. Kisha akasema kwa Kijaluo, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba kijana anasema shetani amempiga vita vikali usiku na mchana lakini amesimama imara.

"Haleluya!" uwanja ukalipuka.

Ilikuwa kama nimesikia mlango ukifungwa. Wale wa mbele wanaojua Kiswahili walianza kutazamana, lakini wanawake wa omena, waliohitaji kusikia, walikuwa wakipiga makofi.

Mimi sijawahi kuongea Kijaluo kwenye maikrofoni. Nikamnyang'anya mwalimu yake.

"Dana ok en jajuok," nikasema. Nyanya yangu si mchawi. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto anayeomba maji. Nikasema kwamba ni mimi niliyekitengeneza, kwamba kibuyu ni cha uji, uzi ni wa wavu wa babu, hakuna maziwa, hakuna kuku, hakuna chura. Kisha nikashika shati langu kwa mikono miwili nikalivuta mbele ili safu ya tatu waone. "Na macho yalikuwa haya."

Matundu mawili yasiyo na vifungo, na kitovu changu katikati.

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, na uwanja mzima ukamfuata. Ndicho kicheko kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupata maishani. Kilikuja kama maji ya mtaro, na mimi sikukitaka. Sikuinama kukichota. Kilinipita tu. Kisha mama mmoja akapaza sauti, "Mtoto mbaya hivi! Apigwe!" na kicheko kikaanza kugeuka kitu kingine, na mhubiri akanishika bega, akanishusha nyuma ya jukwaa, kwenye jenereta.

Alikuwa amekasirika. Mdomo wake ulitetemeka na hakuwa na mkalimani wa kutetemeka naye.

"Unajua umenifanya nini mbele za watu?"

"Najua."

"Kwa nini basi hukuninong'oneza?"

"Wao hawakuacha kununua omena kwa kunong'onezwa."

Jenereta ilikuwa inatuzibia maneno. Akaketi juu ya kreti ya soda, suti yote, akaniashiria niketi. Bado alikuwa ameshika maikrofoni, waya umekatika pale tulipoteremka, na akawa anaiangalia.

"Hiki kitu," akasema, si kwangu hasa, "kinashika mtu. Mimi kimenishika miaka." Akakilaza chini kwenye nyasi. "Wewe sasa umebaki na nini?"

Nilifikiria. Marafiki wangenicheka mpaka kidato cha nne. Mwalimu wa dini angenisubiri shuleni. Dani sikujua angesema nini. "Sina kitu," nikasema.

"Unaweza kumwambia Yeye hivyo hivyo?"

Nikamwambia. Sikupiga magoti kwa sababu kulikuwa na mafuta ya jenereta. Nilisema, kwa Kijaluo, kwamba nilipenda vichwa vinavyogeuka kuliko nilivyompenda Yeye, kuliko nilivyompenda hata Dani, na kwamba sina kingine cha kumletea. Nilitarajia radi, au angalau joto tumboni kama wanavyosimulia wengine. Hakukuja kitu. Nilikuwa tu nimeketi kwenye kreti na hakuna aliyekuwa ananiangalia, kwa sababu mhubiri alikuwa amefumba macho, na nikagundua kwamba hilo halikunisumbua.

Nikatembea mpaka nyumbani. Dani alikuwa nyuma, anafukuza ndege kwenye omena kwa kanga. Alikuwa ameshasikia, Manyatta habari zinatembea kwa miguu mirefu.

"Umekula?"

"Dani, ulijua tangu Jumatano."

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema kwa watu?"

Aliikunja kanga. "Wangeamini mimi? Na wewe, ungetua? Nilikuwa nangoja uchoke." Akanionyesha mlango kwa kidevu. "Lala."

Nililala jua bado halijazama, mdomo wazi, na viatu miguuni. Niliamka Jumatatu.

Si kila kitu kilirudi. Wale wawili wa meza yake walikuja kununua kabla ya watu wengine, mkebe mmoja mmoja, bila kuomba kile kiganja cha juu. Dani aliwaongezea. Lakini kuna mama mmoja Kondele ambaye mpaka leo akimfikia Dani anavuka barabara, na kila ninapomwona anavuka najua ni mimi ninayemvusha. Hilo silitanii.

Mwalimu wa dini alikuja Jumatano. Hakuingia. Alisimama mlangoni akanipa kaseti.

"Ndiyo hii. Ile ya Bondo nimewaandikia barua." Akageuka aende, akasimama. "Yale maneno niliyatafsiri vibaya," akasema, akiwa amenipa mgongo. Mwaka uliofuata alinipa alama za chini katika dini, na nadhani zilikuwa za haki.

Nilitaka kuichoma ile kaseti. Dani akakataa, akasema moto umeshapewa vitu vyetu vya kutosha. Aliivunja kwa jiwe, akavuta utepe wake wote wa kahawia, mrefu ajabu, akaufunga kwenye vijiti kutoka upande mmoja wa wavu wa omena hadi mwingine. Upepo wa ziwani ulipokuja, utepe ulimetameta na kutoa mlio, na ndege wote wakapaa. Sauti yangu imo mle ndani bado, inafukuza kunguru.

Jumamosi hiyo mwenyekiti wa akina mama aliingia kwa ule mwendo wake, peke yake, na bahasha kubwa ya gazeti chini ya kwapa. Akaifungua mezani. Kitambaa cha madhabahu kilikuwa cha samawati. Si bluu ya kidogo. Samawati kama sare za shule ya wasichana.

"Mama," akasema, "yule tuliyempa alimimina pakiti nzima."

Dani alikiinua kwenye mwanga, akakigeuza.

"Kamati inaomba," mwenyekiti akaendelea, "kama umepumzika..."

"Kiache hapo."

Alipotoka, Dani alileta karai na maji ya ndimu. Ilichukua maji matano. Jioni, kilipokauka, aliniambia niwashe makaa, nikachuchumaa nikapuliza, na pasi ikaanza kwenda na kurudi. Nilipuliza tu. Baada ya muda aliniangalia kwa jicho la pembeni.

"Leo huigi mtu?"

"Nimepumzika, Dani."

"Mm," akasema, lakini haikuwa ile "mm" nyingine. Kisha, pasi mkononi, akavuka chumba hatua tatu kama anayekanyaga mayai, akafika ukutani, akalitazama lile pambo lake kwa aibu kubwa. "Ni kamati," akasema.

Nilicheka mpaka majivu yakaniingia machoni. Yeye alishaanza tena kupiga pasi, amenyooka, kwenye ile pembe ya zabibu.